Dari ya vinundu na asbesto: mwongozo kamili kabla fundi hajapanda ngazi

Kila mwaka mwezi wa Shaabani ukiandama, simu yangu haipumziki. Huyu ataka nyumba ipakwe rangi kabla ya Ramadhani, yule anaoza binti, mwingine wageni wake wanashuka kutoka Uarabuni. Katika msimu mmoja kama huo mama mmoja wa Shela, hapa Malindi, aliniita nimtazamie chumba cha mbele. Dari yake ilikuwa ya vinundu, plasta iliyorushwa ikaachwa na chengachenga, mfano wa ukoko wa wali uliopinduliwa. Kona ya upande wa bahari ilikuwa imevimba kwa maji ya masika. Chini yake, juu ya kiti, palikuwa na unga mweupe mwembamba ambao mama alikuwa akiupangusa kila asubuhi kwa kipande cha leso kikavu.

"Kwangua yote, mwanangu," akaniambia. "Upige filla, iwe laini kama ya jirani."

Nikamuuliza nyumba ilijengwa lini. Akasema mwaka wa 1974, marehemu mumewe aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Nikaikunja ngazi, nikamwomba tukae tuzungumze. Niliyomweleza siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa kwa urefu, kwa sababu nimeona mafundi wengi mno wakipandisha skrepa kwenye dari za namna hii bila hata kitambaa puani.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Nikiwa kijana wa kushikilia ngazi, tulikwangua dari ya namna hiyo siku mbili nzima, kavu kavu. Jioni mimi ndiye niliyefagia, kwa fagio la chelewa. Jua la alasiri lilikuwa likiingia dirishani, na ndani ya ule mwale niliona vumbi limesimama hewani, halipandi wala halishuki. Tukaenda kuswali, tukarudi, bado lipo. Nyumbani mama yangu alilikung'uta shati langu ukutani kabla ya kulitia majini. Hakuna aliyetuambia lolote, na sijui kama aliyetupa kazi alijua. Shati lile nalikumbuka kila nionapo dari yenye vinundu.

Asbesto ni kitu gani, na ilifikaje darini

Asbesto ni mawe yanayochimbwa ardhini, ambayo yakipondwa hutoka nyuzi badala ya mchanga. Nyuzi hizo haziungui, hazishiki kutu, na zinaimarisha saruji na plasta zisipasuke. Kwa watu wa pwani, ambako chumvi hula mabati miaka michache tu, kitu kisichoshika kutu kilikuwa neema. Ndiyo maana mabamba ya saruji yenye asbesto yaliezekwa kwenye majumba mengi ya serikali, shule na nyumba za watu binafsi nchini kote, na bodi bapa za aina hiyohiyo zikapigwa chini yake kama silingi.

Plasta ya vinundu ina historia yake. Uingereza ilijulikana zaidi kwa jina la biashara Artex, na ilichanganywa asbesto nyeupe, aina mojawapo ya jiwe hili, hadi katikati ya miaka ya 1980. Marekani waliipuliza kwa mashine. Mwaka 1973 serikali yao ilikataza kupuliza asbesto kwa kazi ya kukinga moto na joto, na mwaka 1978 katazo likafikia na mapambo, lakini mifuko iliyokuwa tayari ghalani iliendelea kutumika, kwa hiyo hata nyumba za mwanzo wa miaka ya 1980 kule huzikuti salama moja kwa moja. Uingereza haikuipiga marufuku asbesto nyeupe hadi 1999.

Malindi ina hoteli za wageni tangu miaka ya 1930, na miaka ya 1960 na 1970 Waitaliano wakaanza kuja kwa wingi. Ndio wakati ambapo kituo cha Waitaliano cha San Marco kule Ngomeni kilikuwa kikirusha setilaiti, ya kwanza mwaka 1967. Nyumba za enzi hizo zilijengwa kwa mitindo ya Ulaya, mara nyingine kwa vifaa vilivyotoka hukohuko. Sisemi kila dari ya vinundu ya Malindi ina asbesto. Nasema dari ya umri huo haina haki ya kuaminiwa kwa macho.

Sasa, madhara. Nyuzi zinazodhuru ni nyembamba kuliko mikromita 3, na unywele wa mtu una unene wa kama mikromita 70. Pua haizizuii na kikohozi hakizitoi. Zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Zinaleta asbestosisi, yaani mapafu kufanya makovu na kukakamaa. Zinaleta saratani ya mapafu. Na zinaleta mesothelioma, saratani ya utando unaoyafunika mapafu. Uhusiano wa mesothelioma na asbesto uliwekwa wazi mwaka 1960 na daktari J. C. Wagner na wenzake, walipochunguza watu wa machimbo ya asbesto ya buluu huko Afrika Kusini. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo watu ambao hawakuwahi kuchimba, walioishi tu karibu na machimbo. Baadaye ikaonekana pia kwa wake za wafanyakazi, waliokuwa wakifua nguo za kazi.

Ugonjwa huchukua muda mrefu kujitokeza, kwa kawaida miaka 20 hadi 40 na hata zaidi. Siku ya kazi hutakohoa, hutawashwa, hutasikia lolote. Fundi akikwambia "mimi nimekwangua miaka 10 na niko mzima," anasema kweli, ila haijathibitisha kitu.

Jambo moja la kutuliza moyo: nyuzi zilizoshikwa ndani ya plasta nzima, iliyopakwa rangi na isiyoguswa, haziruki. Kulala chini ya dari ya namna hiyo si sawa na kuikwangua. Hatari imo kwenye vumbi, na kila hatua iliyo hapa chini lengo lake ni vumbi lisiwepo.

Hatua ya kwanza: jua dari yako ni ya aina gani na ya lini

Tafuta mwaka wa ujenzi. Hati ya kiwanja, ramani ya zamani, au mzee wa mtaa anayekumbuka nani alijenga. Nyumba ya kati ya miaka ya 1950 na 1980 ishuku. Uliza pia kama iliwahi kukarabatiwa, kwani nyumba ya zamani yaweza kuwa na dari mpya na kinyume chake.

Kisha tazama bila kugusa. Dari ya mbao, ya majamvi chini ya makuti, ya plastiki, au ya jipsamu iliyopigwa miaka ya karibuni haina shida hii. Nyumba za asili za Mji wa Kale wa Lamu, zenye boriti za mikoko, matumbawe na chokaa, nazo hazikujengwa kwa asbesto. Vumbi lake ni la chokaa. Lakini hata Lamu, ukikuta chumba kilichoongezwa juu baadaye na kupigwa bodi za kijivu ngumu, simama kwanza.

Zinazotiliwa shaka ni mbili. Ya kwanza ni plasta ya vinundu, mawimbi au nusu-duara zilizochorwa kwa brashi. Ya pili ni bodi bapa, ngumu, ya kijivu au nyeupe, iliyopigwa misumari na kufunikwa viungo kwa vipande vya mbao. Yaweza kuwa zote mbili pamoja, plasta juu ya bodi. Bodi za saruji huwa na asbesto ya asilimia 10 hadi 15. Plasta ya vinundu huwa na kidogo, mara nyingi asilimia 1 hadi 5, lakini ni laini na hukwanguka upesi, kwa hiyo uchache wake usikudanganye.

Wako mafundi wanaovunja kipande na kukiwasha kiberiti: kikikataa kuungua, wanasema ni asbesto. Tafadhali msifanye hivyo. Jipsamu haiungui, chokaa haiungui, saruji haiungui. Jaribio halikwambii kitu, na ile kuvunja ndiyo iliyotoa vumbi.

Hatua ya pili: ya kufanya leo hii, kabla hujajua lolote

Kama dari ni nzima, haijapasuka wala haidondoshi unga, hakuna haraka. Usipige msumari wa kutundika pazia au taa za sherehe, watoto wasirushe mpira ndani, basi.

Kama inadondosha, kama ya yule mama, fanya hivi. Zima pangaboi. Hili ndilo la kwanza kabisa, kwa sababu pangaboi la kwenye dari linatikisa plasta na papo hapo linasambaza kilichodondoka. Tumia feni ya kusimama, katika chumba kingine. Toa watu na funga mlango. Upepo wa kusi ukivuma, funga na madirisha ya upande wa bahari.

Unga uliodondoka usiufagie, si kwa chelewa wala kwa fagio la nailoni. Usiuvute kwa mashine ya kawaida ya kuvutia vumbi, kwa maana kichujio chake hakizizuii nyuzi hizi. Zinaingia mbele na kutoka nyuma zikiwa zimetawanyika zaidi. Chukua chupa ya kupulizia, maji na matone machache ya sabuni ya vyombo. Sabuni huyafanya maji yaingie ndani ya vumbi badala ya kuteleza juu yake. Nyunyizia polepole kama ukungu, ngoja dakika chache, kisha pangusa kwa kitambaa kilicholowa, ukikikunja upande mpya kila mara. Kitambaa hicho hakifuliwi. Kitie kwenye mfuko wa nailoni nzito kikiwa bado kimelowa, ufunge, utie ndani ya mfuko wa pili.

Na ziba kinachovuja. Dari nyingi za Malindi haziharibiki kwa uzee, zinaharibiwa na paa: msumari umeliwa na chumvi, tone linaingia, plasta inalowa na kuvimba, kisha inaachia. Ukifunika dari na paa bado linavuja, umeficha tu maradhi. Angalizo kwa anayepanda: kama paa lenyewe ni la mabamba ya asbesto, usilikanyage. Yakizeeka huvunjika ghafla chini ya mguu, na watu wameanguka. Wala usilisugue ukungu kwa brashi ya waya.

Hatua ya tatu: kupima

Jicho halitoshi, kwa hiyo sampuli ziende maabara yenye darubini inayotumia mwanga uliopangwa upande mmoja, ambao ndio hutofautisha asbesto na nyuzi nyingine. Anzia ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira hapa Kenya; waulize maabara zinazokubalika na mtu mwenye kibali anayeweza kuja kuchukua sampuli. Mimi napendelea achukue mwenye ujuzi. Lakini najua si kila mtu atampata upesi, na kipande kidogo kikichukuliwa kwa utaratibu ni nafuu kuliko kubahatisha dari nzima. Basi utaratibu ni huu.

1. Chumba kiwe kitupu, watu wako nje, pangaboi limezimwa na umeme wa chumba hicho umekatwa kwenye meta.

2. Tandika nailoni nzito chini ya ngazi, eneo la kama mita 2 kila upande.

3. Vaa barakoa ya daraja la FFP3, au ile ya mpira yenye vichujio vya P100. Barakoa ya hospitali haifai hata kidogo. Na hapa niseme jambo linalotuhusu sana sisi wa pwani: barakoa haizibi juu ya ndevu. Hewa hupita pembeni, na nyuzi hupita nayo. Mwenye ndevu amwachie kazi hii asiye nazo. Simwambii mtu anyoe. Namwambia asipande ngazi.

4. Lowesha mahali pa kuchukulia kwa yale maji ya sabuni. Ngoja dakika 10, lowesha tena. Rangi ya mafuta huzuia maji, kwa hiyo huenda ukahitaji kuendelea kulowesha huku ukikata.

5. Kwa kisu kidogo, kata taratibu kipande cha ujazo wa kijiko cha chai, hadi kufikia bodi. Kama bodi yenyewe unaishuku, itolewe sampuli yake peke yake, kwenye mfuko wake. Shikilia mfuko chini ya kisu ili kipande kiingie moja kwa moja.

6. Funga mfuko, upanguse kwa kitambaa cha maji, utie ndani ya mfuko wa pili. Andika chumba, mahali na tarehe. Ziba shimo kwa filla au rangi nzito papo hapo.

7. Pangusa kisu na ngazi. Kunja nailoni ukielekeza ndani kile kilichodondokea juu yake, uiweke pamoja na vitambaa kwenye mifuko miwili.

Sampuli moja haitoshi. Plasta ilichanganywa kwa mkono ndani ya ndoo, na ndoo moja haifanani na nyingine. Marekani, kwa majengo ya shule, kanuni ni sampuli 3 kwa eneo lisilozidi futi za mraba 1,000, sampuli 5 hadi futi 5,000, na 7 kupita hapo. Ni kipimo kizuri cha kufuata hata sebuleni kwako: tatu, kutoka pembe tofauti. Hata moja ikirudi na asbesto, dari yote ihesabu hivyo.

Kule Marekani kitu huitwa cha asbesto kikizidi asilimia 1. Ripoti yako ikisema chini ya hapo, mimi bado sikwangui kavu.

Hatua ya nne: kuamua

Njia ni nne: kuiacha, kuipaka, kuifunika, kuitoa. Wengi hukimbilia ya mwisho wakidhani ndiyo usafi. Nami nasema waziwazi kwamba kwa nyumba nyingi kuitoa ndiyo njia mbaya kuliko zote, maana ndiyo pekee inayolazimisha kila uzi uliolala kuamshwa. Itoe kama imeoza, kama inaanguka vipande, au kama paa lote linabomolewa. Vinginevyo funika.

Kuiacha kunafaa kama ni nzima na haiguswi. Ikague kila baada ya masika, kwa tochi, ukitafuta madoa ya maji, nyufa na mahali paliposhuka.

Kuipaka rangi kunafaa kama plasta imeshikamana vizuri. Usiipige msasa kwanza, usiisugue, usiioshe kwa pampu. Kama haijawahi kupakwa, jihadhari na rola lililojaa rangi: plasta inakunywa maji, inakuwa nzito, na rola linaivuta ikashuka nayo. Anza na kona moja kwa brashi laini, mkono mwembamba, uache ikauke kabisa. Ikishika, endelea. Mashine ya kupuliza kwa shinikizo dogo ni bora zaidi, na barakoa iko usoni muda wote.

Hatua ya tano: kufunika

Hii ndiyo kazi niliyoifanya kwa yule mama baada ya majibu kurudi na asbesto nyeupe, na ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Maana yake ni kupiga dari mpya ya jipsamu chini ya ile ya zamani, ya zamani ibaki ilipo, imefungwa.

Kwanza pima kama kuta zinaweza kubeba. Kwa chumba kidogo unaweza kuzungusha fremu ya chuma ukutani na kuilaza jipsamu juu ya fremu, bila kutoboa dari hata tundu moja. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda. Kuta za matumbawe zina sehemu laini, kwa hiyo jaribu kila plagi kwa kuivuta kabla ya kuiamini.

Chumba kikiwa kipana, itabidi kushikilia kwenye mbao zilizo juu ya dari. Usizitafute kwa kugonga nyundo. Chukua sumaku yenye nguvu, iguse mahali kisha uinue, uguse pengine, usiiburute. Ikinasa, pana msumari, na penye msumari pana mbao. Tia alama kwa penseli. Bodi ya jipsamu ya milimita 12 ina uzito wa karibu kilo 8 au 9 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita 4 kwa 4 kinaongeza kama kilo 130 hadi 145. Mbao zilizoliwa na mchwa haziwezi. Mtu aziangalie, kwa kufungua paa upande wa nje ikibidi.

Kutoboa kuna namna yake. Weka bonge la povu la kunyolea juu ya alama, liwe nene. Pitisha keekee katikati ya povu, polepole. Sehemu kubwa ya vumbi inabaki ndani ya povu. Pangusa kwa kitambaa cha maji kwa mkupuo mmoja, kitambaa kiingie mfukoni. Kila tundu, povu jipya. Inachosha, na kijana wako atanung'unika. Mwache anung'unike. Njia hiihii itumie hata kama unataka tundu moja tu la waya wa taa.

Skrubu ziwe za kutoshika kutu, maana hewa yetu ni ya chumvi. Pangaboi usilitundike tena kwenye dari ile mpya isipokuwa limeshikwa na boriti yenyewe na halitikisi kitu.

Hatua ya sita: ikibidi kutolewa

Hapa mwenye nyumba hafanyi, wala fundi rangi hafanyi, wala mimi sifanyi. Kanuni za usimamizi wa taka zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, na kuisafirisha na kuitupa kunahitaji kibali cha NEMA. Kazi yenyewe inaangukia pia chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007: anayeajiri ana wajibu wa kumlinda aliyemwajiri, na kijana wa siku moja aliyeokotwa kijiweni naye ni mwajiriwa.

Kazi yako wewe ni kumhoji anayekuja. Mwombe akuonyeshe kibali chake na cha gari litakalobeba. Muulize ataloweshea nini, na wafanyakazi watavaa nini. Akijibu "tutamaliza asubuhi moja, hamna haja ya kuhama," huyo si mtu wa kazi hii. Mwenye kuijua kazi atatoa vyombo vyote, atafunika sakafu na kuta kwa nailoni nzito ya geji 1000, ile wanayotandika chini ya zege, ataziba mlango kwa tepu, atalowesha plasta hadi ndani, na ataing'oa kwa vipande vikubwa badala ya kuisaga. Ovaroli zake ni za kutupwa. Wafanyakazi wanaoga kabla ya kurudi nyumbani, na nguo za ndani ya zile ovaroli haziendi kukung'utwa na mama wa mtu.

Taka ikishafungwa katika nailoni mbili na kuandikwa kuwa ni asbesto, haiendi kwa mkokoteni wala tuktuk. Haiendi kwenye jaa la mji ambako watoto wanaokota chuma. Haijaziwi mashimo ya njia, haijengewi banda la kuku, haitupwi ufukoni. Inakwenda mahali palipoidhinishwa, inafukiwa, na unapewa karatasi. Karatasi hiyo ihifadhi na hati ya nyumba.

Kama imeshakwanguliwa tayari

Watu wengi watasoma haya wakiwa wameshachelewa. Simamisha kazi. Toka chumbani taratibu, vua nguo mlangoni ukizilowesha kwanza, ziingie mfukoni, oga na uoshe nywele. Chumba kifungwe hadi mwenye kibali aje akisafishe kwa maji na kwa mashine yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa hata chembe ndogo sana.

Kuhusu afya, usikimbilie picha ya kifua kesho yake. Haitaonyesha kitu. Hatari huongezeka kwa wingi wa vumbi na urefu wa miaka, na siku moja au mbili si sawa na maisha ya machimboni. Mwambie daktari wako, aandike kwenye faili tarehe na kazi uliyofanya, ili miaka ijayo ukiwa na kikohozi kisichoisha au pumzi fupi, atakayekupima ajue pa kutazama. Na kama unavuta sigara, acha. Asbesto na sigara pamoja huzidisha hatari ya saratani ya mapafu kuliko kila kimoja peke yake. Hakuna dawa utakayonunua itakayokusaidia kama hiyo.

Aambiwe atakayekuja baada yako

Dari ya yule mama imekamilika, nyeupe na laini, na hakuna atakayejua kilicho nyuma yake. Hilo ndilo lililonihangaisha mwisho wa kazi. Miaka 20 ijayo fundi umeme atapanda na keekee yake. Kwa hiyo andika. Wapangaji waambie wanapoingia, na ukiuza nyumba mwambie mnunuzi, ripoti ya maabara umkabidhi. Nasi tulichukua kipande cha karatasi, tukakifunga kwa plastiki na kukibandika ndani ya mlango wa kisanduku cha meta, mahali ambapo kila fundi umeme lazima afungue kabla ya kukata moto. Mama aliandika mwenyewe kwa mkono wake, kalamu nyekundu, herufi kubwa: DARI YA CHUMBA CHA MBELE, JUU YA JIPSAMU, INA ASBESTO. USITOBOE. ULIZA KWANZA. Na chini yake tarehe, na namba ya mwanawe.